Saa Sita Iko Juu

Barua ilikuwa na mistari saba, imechapwa vizuri, na chini yake imeachwa nafasi ya jina langu na saini yangu. Ilisema kwamba mimi, mhudumu wa bwawa, nakiri kutoa maelekezo yasiyo sahihi, yakasababisha bwawa kukauka na pampu kuungua. Nikisaini, nabaki kazini na onyo. Nisiposaini, mwisho wa mwezi nachukua ndala zangu nakwenda zangu. Meneja alinipa na kalamu kabisa, ya buluu, nzuri, haijawahi kutafunwa na mtu.

Mie ni mtu wa kucheka. Kwetu wanasema nilizaliwa nikimcheka mkunga. Lakini barua ile niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nikagundua kwamba bado sijacheka.

Kazi yenyewe niielezee, maana wengi wakisikia mhudumu wa bwawa wanadhani nashinda nimelala kivulini na wavu wa kuokotea majani. Hilo nalo lipo, sikatai. Ni nyumba ya wageni, siyo kubwa, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, vyumba tisa na bwawa moja, na bahari iko hapo nyuma ya ukuta. Watu wanatoka Dar kuja baharini, wakifika wanaingia kwenye shimo la vigae. Sisemi kitu. Ndiyo ugali wangu.

Nyuma ya jiko kuna kibanda cha pampu, na ndani ya kibanda kuna chujio. Ni pipa kubwa, lina tumbo kama mtu aliyetoka kwenye arusi mbili siku moja. Tumboni mwake mna mchanga, mchanga maalumu, siyo ule wa ufukweni wa kujengea majumba ya watoto. Pampu inavuta maji ya bwawa, inayaingiza kwa juu, yanapita kwenye mchanga, yanatokea chini yamekwisha kuacha uchafu wake. Basi uchafu unajazana, maji yanapita kwa shida, na geji iliyo juu ya pipa inaanza kupandisha mshale wake. Mshale ukipanda sana ujue mzee ameshiba. Na akishiba anatapishwa. Unageuza maji yaingie kwa chini, mchanga unanyanyuka, uchafu wote unapanda na kutoka kwa bomba lingine mpaka kwenye mtaro. Kuna kioo kidogo cha kuchungulia. Kwanza yanapita maji kama chai, halafu kama maji ya kuoshea mchele, halafu meupe. Yakiwa meupe unamsuuza kidogo, unamrudisha kwenye kuchuja, mambo yamekwisha.

Kinachogeuza hayo yote ni mpini mmoja mweusi juu ya pipa. Unasimama mahali sita. Zamani ulikuwa na karatasi ya kunata iliyoandikwa Kiingereza kila mahali unaposimama, lakini jua na klorini viliila mwaka wa kwanza. Sikuisikitikia. Mimi na Kiingereza tuliachana kidato cha pili kwa ridhaa ya pande zote mbili. Fundi aliyelifunga lile chujio alinitajia majina yake sita, mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na alipopanda gari sikuwa na hata moja kichwani.

Kilichoniokoa ni kwamba uso wa ule mpini ni mviringo, kama saa ya ukutani. Nikaupa saa. Mpini ukiangalia juu kabisa, saa sita, unachuja. Ukiangalia chini kabisa, saa kumi na mbili, unatapisha. Saa nne, unasuuza. Saa kumi, unamwaga maji nje moja kwa moja. Hizo mbili nyingine sizigusi na zenyewe hazinigusi. Miaka saba nimekwenda hivyo, bwawa linang'aa, na hakuna mgeni aliyewahi kuugua hata tumbo, isipokuwa yule aliyekula pweza wawili peke yake.

Sasa meneja. Meneja ni kijana, amesoma mpaka akavuka bahari, akasoma na huko ng'ambo. Nimtendee haki, ana adabu. Kila asubuhi, hata kama jengo linaungua, ataanza na "Shikamoo mzee," atangoja marahaba yake, ndiyo aseme moto uko wapi. Mie namwita baba, kama tunavyowaita vijana wetu. Amekulia Dar, shule zake zote za Kiingereza tangu chekechea, nyumbani kwao pia Kiingereza, Kiswahili anakizungumza kwa uangalifu kama mtu anayebeba trei ya vikombe. Na saa yake ya mkononi haina mishale, ina tarakimu tu zinazowaka.

Ijumaa moja nilikwenda Kiwangwa kwenye hitima ya mjomba wangu. Nyuma niliacha geji iko vizuri tu. Sikujua kwamba mchana ule kutakuja kundi la arusi kutoka mjini, kinamama na kinadada wamejipaka mafuta ya nazi na losheni za kila aina, waingie bwawani wote kwa pamoja. Mafuta na mchanga havipatani. Kufika alasiri meneja ananipigia simu, mshale wa geji umefika kwenye nyekundu, na maji yanayorudi bwawani yanatoka kinyonge kama mtu anayelazimishwa kuimba.

Kwa mjomba mtandao unapatikana mahali pamoja tu, katikati ya shamba la mananasi. Nimesimama pale, miiba inanisalimia miguuni, watu wananiita pilau inapoa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni kazi ya dakika tano, hata yeye ataiweza.

"Zima pampu kwanza," nikamwambia. "Mpini peleka saa kumi na mbili, washa. Ngoja maji ya kwenye kioo yawe meupe, zima. Halafu peleka saa nne, washa nusu dakika, zima. Mwisho rudisha saa sita, washa, uiache hapo mpaka kesho nije."

"Saa kumi na mbili, saa nne, saa sita," akarudia.

"Hivyo hivyo, baba."

Nikaenda kula pilau kwa moyo mweupe.

Jumamosi asubuhi narudi na mananasi matatu kwenye kiroba, nimefurahi, napita nyuma ya jiko. Namkuta mpishi wetu amesimama uani, gauni amelipandisha, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mpishi ni mama wa Kinyamwezi kutoka Tabora, mimi Mkwere, kwa hiyo sisi ni watani tangu enzi za mababu zao kuja pwani na mizigo kichwani. Mtani hana simile. Atakutukana kwenye msiba wako mwenyewe na inabidi umpe na nauli.

"Mtani," akaniambia, "bahari yako imehamia jikoni kwangu. Njoo uichukue, nataka kuwasha moto."

Mchicha wake wote aliopanda kando ya mtaro ulikuwa umelala kifudifudi. Nikaenda mbio bwawani. Hakuna bwawa. Kuna shimo la vigae, na mwisho wake kule kwenye kina kirefu kibwawa cha kunawia miguu, na chura mmoja amekaa pembeni yake kama mwenyekiti anayesubiri wajumbe. Kibanda cha pampu kilinuka plastiki iliyoungua. Pampu ilikuwa imenyonya mpaka maji yakaisha, ikaendelea kunyonya hewa, ikajipika yenyewe.

Nikatazama mpini. Unaangalia chini, saa kumi na mbili. Usiku kucha lile chujio lilikuwa linatapika, na baada ya kutapika uchafu wake likaanza kutapika bwawa zima.

Meneja akaja. "Shikamoo mzee." Marahaba. Uso wake ulikuwa umepauka, maskini, hajanywa hata chai. Nikamwomba anioneshe tu alichofanya, hatua kwa hatua. Akanyoosha kidole.

"Ulisema saa kumi na mbili," akaweka kidole juu kabisa ya ule mviringo. "Hapa. Kumi na mbili. Halafu nne, hapa," kidole kikaenda chini upande wa kulia. "Halafu ukasema irudi sita." Kidole kikashuka chini kabisa. "Hapa. Nikaiacha hapo kama ulivyosema."

Nilisimama nikaona dunia inageuzwa miguu juu. Mimi nilimtajia saa, yeye akatafuta namba. Pale ninapoona saa sita, mchana wa jua la utosi, yeye anaona kumi na mbili. Nilipomwambia tapisha, alichuja. Nilipomwambia suuza, alimwaga. Nilipomwambia sasa chuja ulale salama, akatapisha mpaka asubuhi. Hakukosea hata hatua moja; alifuata kila neno langu kwa uaminifu, na kila neno likaenda upande wa pili wa saa. Na alipoweka mpini chini mshale wa geji ulishuka, lazima ushuke, akafurahi akajua amefaulu. Usiku akasikia maji yanavuma. Akadhani bahari imejaa.

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mpishi akachungulia kujua kuna nini, nikamweleza, naye akacheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Meneja hakucheka. Alikuwa anawaza simu ya kumpigia mwenye mali, na nadhani kicheko chetu ndicho kilichoiandika ile barua. Jumatatu ikaletwa pale kibandani, pamoja na kalamu.

Sikuikataa palepale. Nilimwambia nitaifikiria, nikaikunja nikaitia mfuko wa shati, nikaendelea na kazi. Maana kazi ilikuwepo. Pampu imepelekwa Dar kwa fundi, bwawa kavu, na nilikuwa natafuta nafasi siku nyingi ya kuufungua ule mchanga na kuuosha kabisa. Kutapisha ni kama kusukutua mdomo. Ipo siku inabidi upige mswaki.

Nilifungua bolti za mdomo wa pipa, nikachungulia. Juu ya mchanga mafuta ya wale mabibi wa arusi yalikuwa yameganda na uchafu wa miezi, mabonge mabonge kama kashata zilizoharibika. Maji hayapiti kwenye bonge, yanatafuta njia pembeni yake, ndiyo maana unaweza ukalitapisha chujio kila siku na bwawa likabaki na ukungu. Nikautoa mchanga wote kwa kopo, kopo baada ya kopo, nikaumwaga juu ya turubai, nikauosha kwa mpira wa maji, nikayavunja mabonge kwa mikono, nikauosha tena. Chini kabisa ya pipa mna vidole. Ndivyo ninavyoviita, ni vibomba vya plastiki vyenye mianya myembamba, vimetandazwa kama mbavu za mwavuli, ndivyo vinavyoruhusu maji yapite na kuuzuia mchanga. Kimoja kilikuwa na ufa. Kidole kikivunjika bwawa linaanza kutema mchanga, wageni wanasema bahari imeingia. Nikakibadilisha.

Nikiwa ndani ya lile pipa mpaka mabegani, kichwa chini, nilikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Na kila nilipofikiri nilirudi pale pale. Maelekezo yasiyo sahihi. Kama wangeandika maelekezo yasiyoeleweka, ningesaini nusu. Kama wangeandika mhudumu alicheka wakati usiofaa, ningesaini na kuweka dole gumba juu yake. Lakini yasiyo sahihi? Mimi saa nimefundishwa na mama yangu kabla ya shule. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili inaisha na siku inaanza kuhesabiwa: moja, mbili, tatu. Adhuhuri ni saa sita na dakika zake. Nikisaini kwamba hiyo siyo sahihi, nimesaini kwa niaba ya mama yangu, na mwadhini, na kila mtu kuanzia hapa mpaka Tabora kwa mtani wangu.

Nyumbani nako hapakukalika. Mke wangu alisema jina langu halijawahi kuwa na thamani kubwa kiasi hicho, niliandike tu, watoto wanakula. Nikamwambia ndiyo maana nalibania, ndilo pekee nililo nalo. Akanigeuzia mgongo. Shemeji yangu alikuja kutoka Mapinga kunishauri. Wakati ananishauri alikula mananasi yangu yote mawili yaliyobaki. Mpishi ndiye peke yake hakunishauri. Kila nikipita ananiuliza saa ngapi, nikimjibu anasema asante, ngoja nigeuze sahani juu chini nipike.

Jumatano akaja mwenye mali mwenyewe. Ni mzee wa mji mkongwe, ukoo wa biashara tangu zamani, kanzu nyeupe, sauti ya chini, hajawahi kumpigia mtu kelele kwa sababu hajawahi kuhitaji. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza hali ya nyumbani, ya mke, ya watoto, ya mjomba niliyemzika, mpaka ya mananasi. Ndiyo akaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya kibanda, meneja kasimama upande wake, mpishi kajitafutia kazi ya kupepeta mchele hapo karibu, mchele ambao nina hakika ulishapepetwa.

Akaniuliza kwa nini barua haijarudi. Nikamwomba ruhusa nimuulize yeye kwanza swali dogo.

"Mzee, saa nne mshale unaangalia wapi?"

Alikuwa na saa ya mishale mkononi, ya zamani, ya mkanda wa ngozi. Hakuitazama hata. Kidole chake kikanyanyuka chenyewe kikaonesha hewani, juu kushoto, pale penye namba kumi.

Mpishi akapepeta mchele kwa nguvu. Meneja akatazama viatu vyake. Mie nikajua nimeshinda, nikaanza kuandaa tabasamu la kiungwana.

"Najua," mzee akasema. "Nimeelewa tangu nilipohadithiwa kwenye simu. Nilicheka na mimi. Lakini bwawa limekauka, pampu imeungua, na jambo kama hili linataka karatasi. Kijana huyu ndiyo anaanza kazi, karatasi ya namna hiyo ikikaa kwenye jina lake itamfuata. Wewe mtu mzima, wa hapahapa, nani atakutafuta kwenye faili? Saini, yaishe."

Yaishe. Kama hujakaa pwani hulijui hilo neno. Ni neno tamu, neno la wazee, limezima ugomvi mwingi wa mashamba, wa ndoa na wa maiti. Nimeambiwa yaishe mara nyingi maishani mwangu na mara nyingi nimekubali, kwa sababu ni aibu kuwa mtu pekee anayetaka yasiishe. Lakini nimewahi kuchunguza jambo moja: yakiisha, huwa yanaishia mapajani kwa mtu mmoja, na mtu huyo huwa ndiye aliyekaa chini kabisa. Sijaona mkutano hata mmoja ambapo bosi ameambiwa aseme ni yeye, yaishe.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu anayesema nimekosea. Sikujiandaa kwa mtu anayejua sijakosea na bado anataka nisaini. Huyo mzee alinipa kazi wakati hakuna aliyenitaka, akamlipia mwanangu hospitali. Kumwambia hapana ilikuwa kama kumgeuzia kisogo baba.

"Sitasaini, mzee," nikasema. "Nisamehe. Ningekuwa nimekosea ningesaini tangu Jumatatu."

Mpishi akaacha kupepeta. Halafu meneja akasema, kwa sauti yake ile ya kubeba trei, neno ambalo sikulitegemea.

"Mzee, mimi nilikuomba uandike. Nilikuomba mara tatu. Uandike mpini unakwenda wapi, ubandike ukutani. Hata picha ungechora. Ungekuwa umechora, nisingekosea."

Ni kweli. Aliniomba mwezi wa kwanza alipofika, akaniomba tena, akanipa na karatasi na kalamu ya wino mnene. Kila mara nilimwambia kesho. Nilimfanyia mzaha, nikamwambia siri ya chujio inarithishwa kwa damu. Akacheka, akaacha. Alidhani natania.

Nilikuwa sitanii. Nilikuwa naona haya. Mwandiko wangu unatembea kama kaa, na herufi ya H mimi huwa sijui inaingia wapi na inatoka wapi. Nikiitia inakuwa haitakiwi, nikiiacha ndiyo ilitakiwa. Nilifikiri wageni watakuja kuchungulia kibandani na simu zao, wapige picha karatasi yangu, waende nayo Dar kuichekea. Mtu anayejicheka mwenyewe hapendi kuchekwa bila kuombwa ruhusa. Basi nikaona heri chujio likae kichwani kwangu, ambako tahajia haionekani.

Nikamwomba meneja ile kalamu ya buluu. Nikatoa barua mfukoni, imekwisha kulowana jasho na klorini, nikaigeuza upande mweupe, nikaiweka juu ya kifuniko cha chujio nikaandika. Niliandika polepole na walinisubiri wote. Nilipomaliza nikamkabidhi mzee. Akavaa miwani akasoma kwa sauti:

"Mimi niliombwa kuandika malekezo mara tatu sikuandika kwa sababu naona aya muandiko wangu. Hilo ni kosa langu. Saa sita iko juu. Hilo sio kosa langu."

Chini yake jina langu na saini yangu, yote.

Meneja akainama karibu na bega la mzee, akasema taratibu kwamba haya inaanza na H. Hakusema kwa ubaya, ni mazoea ya shule.

"Iache hivyo hivyo, baba," nikamwambia. "Wakikuuliza kama kweli niliandika mwenyewe, huo ndio ushahidi."

Mpishi alishindwa kujizuia, akacheka. Na mimi nikacheka, cha kwanza tangu Jumatatu. Mzee hakucheka. Akaigeuza karatasi, akatazama upande uliochapwa, akatazama ile nafasi ya saini iliyobaki wazi, akaigeuza tena.

"Hii siyo karatasi niliyoitaka," akasema.

"Ndiyo niliyo nayo, mzee."

"Na nikikuambia uende?"

"Nitakwenda. Lakini mchanga nitaurudisha kwanza. Nikiuacha kwenye turubai utajaa majani ya mkungu, na atakayekuja baada yangu atanitukana mimi, siyo wewe."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa kanzu, akainuka. Akamwambia meneja watazame paa la chumba cha nne, linavuja. Wakaondoka. Hakusema nenda na hakusema baki. Mpishi akakusanya mchele wake, akapita karibu yangu, akaniambia Wakwere tumezoea kufukuzwa kwa heshima, na jioni akanitunzia kichwa cha samaki.

Nilifunga chujio siku ile ile. Hapo pana kanuni moja nimeijua kwa kuvunja vidole vya watu wengine: usimwage mchanga kwenye pipa kavu. Unajaza kwanza maji mpaka nusu, ndiyo uumwage polepole, uanguke kwenye maji uwe mwepesi, usivunje vile vibomba vya chini. Nilimwaga kopo baada ya kopo, nikauona unashuka kwenye maji kama sukari kwenye chai ya tajiri. Nikapaka grisi kwenye mpira wa mdomo, nikakaza bolti moja huku, moja ng'ambo yake, zisipinde. Pampu iliporudi kutoka Dar na maboza yakaja kujaza bwawa, nilitapisha mara mbili, nikasuuza, nikachuja. Siku ya tatu ungeweza kuona kipini cha pua kilichodondokea kina kirefu. Na kweli kilikuwepo, cha mmoja wa wale wa arusi.

Siku zikaenda. Hakuna aliyenizungumzia barua, na mimi sikuuliza. Mke wangu aliuliza kila usiku na kila usiku nilimjibu kwamba sijui, mpaka akaanza kuamini kwamba kweli sijui. Tarehe thelathini nilivua ndala zangu za kazini, nikaziosha, nikaziacha juu ya chujio badala ya kuzitia kwenye kiroba. Nilisema kama ni kunifukuza, basi wazitoe wao.

Tarehe moja nilikwenda kama kawaida. Nilifika mapema kuliko kawaida, nisikutane na mtu. Nikatia ufunguo kwenye kufuli ya kibanda, nikangoja kidogo kabla ya kuuzungusha, maana kufuli nayo inabadilishwa kwa dakika mbili tu. Ikafunguka. Ndala zilikuwa pale pale juu ya pipa, zimekauka. Mshale wa geji ulikuwa umepanda. Nikavaa, nikazima pampu, nikashika mpini, nikaupeleka saa kumi na mbili.